Miwani ya Kujaribu Mtandaoni na Haki ya Sura Yako

Wateja wa bidhaa za anasa siku hizi hujaribu miwani au rangi ya midomo bila kukanyaga dukani. Mteja hufungua tovuti, huruhusu kamera ya simu, na papo hapo huiona miwani imekaa puani mwake, ikigeuka kila anapogeuza kichwa. Ili hilo liwezekane, programu ya akili mnemba hutafuta pembe za macho, mwinuko wa pua na ukingo wa taya, kisha hupima umbali uliopo kati yake. Vipimo hivyo vimezifikisha kampuni kubwa za mitindo mahakamani nchini Marekani, na kwa maoni yangu mgogoro huu unamgusa mnunuzi wa kawaida kuliko ule unaovuma zaidi kuhusu hakimiliki ya picha zinazotengenezwa na mashine.

Chimbuko la kesi hizo ni sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 2008 inayolinda taarifa za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili vinavyomtambulisha mtu, kama vile vya uso au alama za vidole. Kabla ya kuchukua vipimo vya sura ya mtu, kampuni inatakiwa imweleze kwa maandishi kwamba inavichukua, kwa madhumuni gani na kwa muda gani, kisha ipate ridhaa yake ya maandishi. Anayekiuka kwa uzembe hudaiwa fidia ya dola 1,000, na anayekiuka kwa makusudi dola 5,000, na mwananchi hufungua shauri mwenyewe bila kusubiri mamlaka yoyote. Tangu marekebisho ya Agosti 2024, fidia huhesabiwa kwa kila mtu, si kwa kila mara uso wake ulipopimwa.

Mwishoni mwa 2022 kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder ilishindwa kuizima kesi ya kujaribu vipodozi mtandaoni katika hatua za awali, na Desemba mwaka huo jaji wa New York aliruhusu sehemu ya madai dhidi ya Louis Vuitton, yaliyohusu miwani, iendelee kusikilizwa. Februari 2023, Christian Dior ikashinda huko Illinois katika shauri la miwani ya jua. Sheria haizigusi taarifa zinazochukuliwa kwa mgonjwa katika mazingira ya huduma ya afya, na kwa kuwa miwani ya jua huhesabiwa Marekani kuwa kifaa tiba, jaji alikubali kwamba anayeijaribu mtandaoni anaingia katika msamaha huo. Mimi naona tafsiri hiyo imeunyoosha msamaha mno, na wala haiwezi kumfaa muuza hereni au wanja.

Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinaziweka taarifa za kibayometriki katika kundi la taarifa nyeti, na ile ya Kenya humfikia hata anayechakata taarifa hizo akiwa nje ya nchi endapo mwenye taarifa yuko Kenya. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusu kamera, soma sera ya faragha ya duka uone kama vipimo vya uso wako vinabaki kwenye simu au vinatumwa kwingine, nani anavihifadhi, na vitafutwa lini.