Kuchelewa kwa turbo: kasoro inayotunzwa kama mali

Aliyewahi kuendesha Subaru yenye turbo kati ya Chalinze na Morogoro anaijua hali hii hata kama hajui jina lake. Mbele yako kuna lori, upande wa pili hakuna gari, unakanyaga mafuta mpaka chini. Injini inanguruma lakini gari haliondoki. Unahesabu moja, mbili, halafu linachomoka ghafla na mgongo wako unagandamizwa kwenye kiti. Hiyo moja, mbili ndiyo kuchelewa kwa turbo.

Kwenye magari mapya muda huo umepunguzwa mno, wengi hawauhisi tena. Kwenye magari ya spoti ya mwanzo yaliyofungwa turbo, yale ya miaka ya 1960 na 1970, uchelewaji ndio uliokuwa tabia ya gari. Ukitaka kujua kwa nini mtu anatumia fedha nyingi kutunza gari la namna hiyo, anzia hapo.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Ya kwanza inakaa kwenye njia ya ekzosi na kuzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua, na injini ndogo inatoa nguvu ya injini kubwa. Wazo lenyewe ni la zamani: Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alilipatia hataza mwaka 1905.

Shida ni kwamba feni hizo zinasubiriana na injini. Feni haizunguki vizuri mpaka moshi uwe mwingi, moshi hauwi mwingi mpaka hewa iingie nyingi, na hewa haiingii nyingi mpaka feni izunguke. Unapokanyaga mafuta, mzunguko huo unaanza taratibu, kila upande ukiuongezea mwenzake kidogo, hadi shafti ifike mizunguko inayozidi 100,000 kwa dakika. Feni za zamani zilikuwa nzito, na kitu kizito hakikubali kuharakishwa.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kila turbo ina kiwango cha chini cha mizunguko ya injini ambacho chini yake moshi hautoshi kuifanyisha kazi. Ukiwa hapo unaweza kukanyaga mpaka kesho, hupati kitu. Huko si kuchelewa, turbo bado imelala. Kuchelewa kwenyewe ni ule muda unaopita wakati injini tayari iko juu ya kiwango hicho, umekanyaga, na nguvu bado iko njiani. Magari ya mwanzo yalikuwa na yote mawili, tena kwa wingi.

Mfano unaotajwa kila mara ni Porsche 911 Turbo, ambalo wapenzi wake huliita 930 kwa namba yake ya kiwandani. Lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Paris Oktoba 1974, likiwa na injini ya lita 3.0 na nguvu za farasi 260. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na petroli ikikutana na joto hilo huweza kulipuka kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga na pistoni zikaharibika. Dawa ya wakati ule ilikuwa kupunguza mgandamizo wa silinda. Kwenye 930 uwiano wa mgandamizo, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda, ulishushwa hadi 6.5 kwa 1, chini kabisa ya injini ya kawaida. Matokeo yake, kabla turbo haijaamka gari lilikuwa zembe kuliko ulivyotegemea 911 iwe. Ongeza gia nne tu, zilizoachana mbali, kwa hiyo kila ukibadili gia mizunguko inaporomoka na turbo inarudi kusinzia. Gia ya tano ilikuja mwaka wa mwisho wa kuuzwa kwake, 1989.

Sasa liweke gari hilo kwenye kona. Injini imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, uzito mwingi uko mkiani. Unaingia kona kwa kiasi, katikati unakanyaga mafuta mapema ili utoke kwa kasi. Kimya. Unakanyaga zaidi. Bado kimya. Unapokaribia mwisho wa kona, magurudumu ya mbele yakiwa bado yamegeuzwa upande, nguvu yote inafika kwa mkupuo na mkia unaanza kutoka nje. Dereva anashtuka, anaachia mafuta, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko kabisa. Waingereza na Wamarekani walilibandika gari hilo jina la mfanya-wajane, na hawakuwa wanatania sana.

Mwaka mmoja kabla, Septemba 1973, BMW walikuwa wameonyesha 2002 Turbo kule Frankfurt. Nguvu za farasi 170 kutoka injini ya lita 2, na neno turbo limeandikwa kinyume kwenye spoila ya mbele ili mwenye gari lililo mbele alisome sawasawa kwenye kioo chake. Mwezi uliofuata mgogoro wa mafuta ukaanza, na majivuno ya namna ile yakaonekana aibu. Yalitengenezwa 1,672 tu.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake. Toyota Celica Twin-cam Turbo ilishinda Safari Rally nchini Kenya mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, mara mbili ikiwa mikononi mwa Björn Waldegård na mara moja kwa Juha Kankkunen. Gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kwenye vumbi na matope, na turbo ya zama hizo! Madereva wa rali walikuwa na mbinu ya kukabili uchelewaji: mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia haubanduki kwenye mafuta, ili moshi usikatike na feni isipunguze kasi.

Kwa anayemiliki gari kama hilo leo, swali gumu ni uchelewaji upi ni wa kuzaliwa na upi ni ugonjwa. Hosi ya mpira ya miaka arobaini hupasuka mahali pasipoonekana, presha ikavuja, na mwenye gari akajiliwaza kwamba ndivyo yalivyo magari ya zamani. Ekzosi ikivuja kabla ya kufika kwenye turbo ni hivyo hivyo: moshi wa kuzungusha feni unapotea. Fundi anayejua kazi hutia presha kidogo kwenye mabomba ya hewa, kisha anapaka maji ya sabuni kwenye viungo na kutazama povu. Halafu anashika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo pembeni si neno, kwa sababu beringi za zamani huelea kwenye oili. Ikienda mbele na nyuma, au feni ikigusa nyumba yake, hapo kuna kazi.

Na oili ndiyo roho. Turbo nyingi za wakati ule hazikupozwa kwa maji. Ukitoka kukimbiza gari ukazima hapohapo, oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuganda kama masizi ya sufuria. Iache injini iungurume taratibu dakika moja au mbili kwanza.

Kishawishi kikubwa ni kuponya kabisa: kufunga turbo mpya nyepesi yenye beringi za gololi, na mfumo wa petroli wa kompyuta. Gari linakuwa jepesi kuendesha, sikatai. Lakini mimi ningeitunza ile turbo ya kwanza kwenye boksi pamoja na kila bolti yake, kwa sababu ya kilichoyapata magari ya Oldsmobile Jetfire.

Hilo ni gari la Marekani la 1962, miongoni mwa mawili ya kwanza kabisa kuuzwa kwa umma na turbo. Lingine ni Chevrolet Corvair Monza Spyder la mwaka huohuo. Wahandisi wa Oldsmobile hawakushusha mgandamizo. Walizuia injini isigonge kwa kuinyunyizia maji yaliyochanganywa na methanoli kutoka kwenye tangi dogo. Wenye magari walisahau kujaza tangi, nguvu ikapungua, malalamiko yakawa mengi, na mwaka 1965 kampuni ikajitolea kuzing'oa turbo na kuweka kabureta ya kawaida. Wengi walikubali kwa furaha. Yalikuwa yametengenezwa 9,607 kwa miaka miwili, na leo anayetafuta Jetfire hufungua boneti kwanza, kabla hata ya kutazama kutu, aone kama turbo ipo.