Acheni kuongeza sekunde: dhana potofu kuhusu pleti solvingi

"Fundi, nimefika sekunde 120 na bado inakataa." Sentensi hiyo nimeichoka. Nimeisikia Jinja, nimeisikia Mbarara, na Jumamosi nikaisikia tena Kayabwe, karibu kabisa na pale barabara ya Masaka inapokata mstari wa ikweta. Wanazungumzia pleti solvingi: programu kusoma nyota za picha ili ijue darubini inatazama wapi. Programu ikishindwa kusoma nyota, wa kwanza kulaumiwa ni anga: ati picha ina giza, ati nyota hazitoshi, basi ekspoja, yaani muda wa kamera kukusanya mwanga, iongezwe. Sekunde 5 zinakuwa 30, 30 zinakuwa 60, na usiku unakwisha hivyo.

Si kweli. Kwa darubini nyingi za kuanzia, sekunde 3 hadi 10 zinatosha, hata chini ya mwanga wa Kampala.

Yule kijana wa Kayabwe nilimwomba anisogezee laptopu. Picha yake ya sekunde 5 ilikuwa na nyota tele, ndogo, za duara. Ya sekunde 120 nyota zilikuwa zimevutika kama punje za mchele, kwa sababu maunti yake, yaani kile kishikio kinachoizungusha darubini ifuate nyota, haikuwa imekaa sawasawa. Yaani alikuwa akiiharibu picha nzuri ili isomeke! Nikafungua mipangilio ya ASTAP, ile programu yake ya kusoma nyota. Kimo cha eneo la picha: nyuzi 1.14. Alikuwa amekipiga hesabu kwa 750 mm, urefu wa fokasi ulioandikwa ubavuni mwa darubini. Lakini kati ya kamera na darubini alikuwa ameweka lenzi ya Barlow ya mara 2, inayoongeza urefu huo maradufu. Darubini yake usiku ule ilikuwa ya 1500 mm.

Kwa nini hilo ni zito? Programu haitafuti picha inayofanana na yako. Inachukua nyota nne zilizo jirani, inapima umbali kati yake, inapata pembenne, kisha inatafuta pembenne ya aina hiyo kwenye orodha ya nyota. Ili kulinganisha, inachota kwenye orodha zile nyota zinazong'aa zaidi ndani ya eneo la ukubwa ulioutaja wewe. Sensa ya kamera yake, Canon 600D, ina kimo cha milimita 14.9: kwa 750 mm inaona nyuzi 1.14 za anga, kwa 1500 mm inaona 0.57 tu. Ukidai eneo ni kubwa maradufu, programu inachota nyota ambazo nyingi hazimo kwenye picha yako, na zile hafifu ulizonazo inaziacha. Pembenne hazitawiana hata ukipiga hadi alfajiri.

Nikaandika 0.57, nikaipa ile picha ya sekunde 5. Ikasoma kabla hajamaliza kuniuliza nimebadilisha nini.

Kwa hiyo, tafadhali, kabla ya kugusa ekspoja piga hesabu hii: 206.265 zidisha kwa ukubwa wa pikseli kwa mikroni, gawanya kwa milimita za urefu wa fokasi. Pikseli ya 600D ni mikroni 4.3, basi kwa 1500 mm unapata sekunde za tao 0.59 kwa kila pikseli (sekunde za tao 3600 ni nyuzi moja); zidisha kwa idadi ya pikseli za kimo cha picha upate kimo cha eneo. Picha ya kwanza ikishasomeka, chukua kipimo ilichokupa programu uache kilichochapwa kwenye darubini, maana nguvu ya kipunguza fokasi, yaani lenzi ya kufupisha urefu wa fokasi, hubadilika kulingana na umbali uliokiweka mbali na sensa. Mimi nakiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye bomba la darubini. Fanya hivyo.

Cha pili ninachokagua ni orodha ya nyota yenyewe, maana ASTAP ina kadhaa. D05 ya ASTAP inafaa picha zenye kimo cha nyuzi 0.6 hadi 6, kwa hiyo kwa 0.57 ya yule kijana inayofaa ni D50. Lenzi ya 50 mm kwenye kamera ileile inaona nyuzi 17, nayo inataka G05. Hayo yote yakiwa sawa na bado inakataa, tazama kama picha ni kali: nyota iliyovimba kama kitumbua haipimiki. Kata kwenye katoni kinyago cha Bahtinov, kile kifuniko chenye mistari iliyo wazi cha kukusaidia kupata ukali wa picha, kinatosha.

Wengine wananiambia haiwezekani bila intaneti. Inawezekana. ASTAP ikishapata orodha yake husomea ndani ya laptopu. Pakua mjini mara moja, kijijini usitumie hata MB moja.

Wengine wanadai lazima uweke saa na mahali kwanza. Kusoma picha hakuhitaji saa wala GPS. Maunti ndiyo inayohitaji, na hapo kuna kosa letu wenyewe: mtu anaanza kazi saa mbili usiku, anaandika 02:00 badala ya 20:00. Kutoka 20:00 hadi 02:00 ni saa 6, na saa 6 za kosa ni nyuzi 90 za anga. Maunti inatangaza mahali ambapo haipo, programu inaanza kutafuta huko, na ikiwa umeiwekea mpaka wa nyuzi 30 haitafika. Rekebisha saa, au iache itafute anga yote.

Na hili la Kutubu, nyota ya kaskazini. Ati sisi wa ikweta hatuioni, kwa hiyo pleti solvingi ni ya Ulaya. Kutubu haihusiki, programu inasoma nyota zozote, na kundi la nyota la Jabari (Orion) likiwa utosini linasomeka vizuri mno. Hata kulenga maunti kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zinaonekana kuzunguka, kunawezekana: NINA, programu ya kuendesha kamera na darubini, ina nyongeza inayosoma picha 3 huku maunti ikizungushwa, na hizo picha unazipiga sehemu yoyote iliyo wazi. Zinazokwama huku ni zile programu zinazodai kamera itazame ncha yenyewe, kwa kuwa Kampala ncha hiyo iko kiasi cha theluthi moja ya nyuzi juu ya upeo, nyuma ya migomba na nyumba. Kikwazo halisi cha kwetu ni chuma. Maunti nyingi za aina ya "equatorial", zile zenye mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, mhimili wake haushuki hadi nyuzi 0, na zinazoshuka, uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa kitako. Kabla ya kulipa hata shilingi, mwambie muuzaji aishushe hadi 0 mbele yako na kuizungusha mzunguko mzima.