Njia ya Mteremko Isiyofika Chooni: Majengo ya Shule na Mwanafunzi Anayeachwa Nje

Ukitembelea shule iliyopata madarasa mapya miaka hii ya karibuni, huenda ukakuta njia ya mteremko mlangoni kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Ifuate. Mara nyingi inaanzia kwenye mchanga, inapanda barazani, inaingia darasani, basi. Haiendi chooni, haiendi bombani, wala haifiki getini. Mwanafunzi anayeitumia anaweza kusoma, ila hawezi kunywa maji wala kujisaidia mpaka abebwe na wenzake.

Sisi tunaopitia michoro ya majengo ya elimu tumezoea kuulizwa kama shule "ina mteremko". Inatosha kujibu ndiyo, mkaguzi anaweka alama na safari inaendelea. Mimi ningependa kamati za shule ziulize jambo jingine: mtoto huyu ataimalizaje siku yake hapa? Mfuate kuanzia getini, mstarini, darasani, chooni, kwenye foleni ya uji, uwanjani, mpaka kengele ya kutokea. Pale njia yake inapokatika ndipo pa kupeleka fedha kwanza, hata kama kuna darasa linalosubiri rangi.

Mteremko wenyewe una hesabu yake. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Baraza lenye kimo cha sentimita 45, sawa na vidato vitatu vya kawaida, linadai mteremko wa mita 5.4. Fundi akikosa nafasi hujenga wa mita moja na nusu, na huo hata mtu mzima mwenye nguvu hawezi kuupanda bila kusukumwa, tena akiwa peke yake kiti kinaweza kumpindua kinyumenyume. Mteremko wa aina hiyo ni wa kupigia picha siku ya makabidhiano.

Hata hivyo, wengi wanaoachwa nje na majengo yetu hawatumii kiti cha magurudumu. Mwanafunzi mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu na macho yake huumizwa na mwanga mkali. Anaambiwa akae mbele, ushauri ambao ni mzuri, lakini akiwekwa karibu na dirisha lisilo na kivuli anabaki kukunja uso muda wote. Ubao uliopakwa rangi inayong'aa humpotezea nusu ya maandishi, wakati rangi isiyong'aa ingemsaidia yeye na kila aliyekaa pembeni. Na mkutano wa mstarini unaorefuka kwenye jua kali haumfai kabisa ngozi yake. Mti mmoja wenye kivuli kipana, au ratiba iliyosogezwa, inatosha.

Kwa asiyesikia vizuri, mambo ni mengine. Anahitaji kuona midomo na mikono ya mwalimu. Mwalimu akisimama huku dirisha likiwa nyuma yake, uso wake unakuwa giza tupu. Halafu kuna bati. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kipindi. Mvua ikipiga bati lisilo na dari, hata mwenye masikio mazima hasikii kitu, na walimu wengi huacha kufundisha, wakaandika ubaoni wakisubiri inyeshe iishe. Dari ndiyo hukatwa ya kwanza fedha zinapopungua, kwa kudhaniwa ni urembo. Ingehesabiwa kama kifaa cha kufundishia.

Nikija kwenye vyoo, hapa ndipo ningekaa siku nzima. Kiwango cha Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, maana yake shule yenye wasichana 400 inadaiwa matundu 20. Shule nyingi haziko karibu na hesabu hiyo, hasa baada ya uandikishaji kupanda kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulioondoa ada. Lakini idadi peke yake haitoshi. Msichana aliye kwenye hedhi anataka mlango wenye komeo la ndani, maji humo humo badala ya ng'ambo ya uwanja, chombo chenye mfuniko na kichomea taka kinachofanya kazi. Mlango wa choo usitazamane na uwanja wa mpira ambako wavulana wamejaa, wala choo kisifichwe kichakani nyuma ya majengo yote, kwa sababu uonevu hupenda mahali pasipoonekana na mtu mzima. Njia ya kwenda ionekane, mlango usionekane. Ni suala la kugeuza mchoro tu, halina gharama.

Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliwafungulia mlango wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi shuleni. Sijaona michoro mingi inayomfikiria huyo anayenyonyesha.

Uwanjani, tunachora goli mbili na kuita michezo. Eneo zima wanalichukua vijana ishirini na wawili, wengine wanasimama ukutani. Viti vya saruji vinavyotazamana chini ya mwembe, kona tulivu kwa mwenye usonji anayelemewa na kelele, kipande cha ardhi kilichosawazishwa kwa rede: hivi huwapa watoto wengi mahali pa kuwa wakati wa mapumziko, bila kulazimika kujieleza kwa nini hawachezi mpira.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inadai majengo ya umma yafikike na wote, kwa hiyo hatuombi hisani. Kinachokwamisha ni wakati. Shule nyingi sasa hujengwa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi badala ya kumpa kazi mkandarasi, kamati ya ujenzi ikiwa na sauti juu ya fundi, na sauti hiyo ina thamani kabla msingi haujachimbwa. Upana wa mlango wa sentimita 90 ni rahisi kuamua siku ya kupiga kamba, yaani kuchora jengo ardhini kabla ya kuchimba. Kuubomoa ukuta baadaye ni habari nyingine. Siku hiyo waiteni wanafunzi wenyewe, akiwemo anayetumia magongo na asiyeona, watembee juu ya ule mchoro uliopigwa ardhini.

Shule isiyo na fungu mwaka huu bado ina kazi ya kufanya. Kingo za vidato na nguzo za baraza zipakwe rangi ya njano iliyokoza ili mwenye uoni hafifu asijikwae. Madawati yapangwe nusu duara pale idadi inaporuhusu. Na kufuli la choo cha wanafunzi wenye ulemavu liondolewe, kwani mara nyingi humo ndimo tunamohifadhia majembe na mifagio.