Zimbabwe Kuu: akiolojia ya uongo ilivyowapokonya Washona kuta zao

Ukuta wa nje wa Boma Kuu, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu karibu na Masvingo nchini Zimbabwe, una mzunguko wa mita 250 hivi na kimo kinachofika mita 11. Mawe yake ya graniti yamepangwa bila chokaa. Waliojenga ni mababu wa Washona, katika mji uliostawi kati ya karne ya 11 na ya 15. Kwa muda mrefu walowezi hawakutaka kulisikia hilo.

Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alichukua kipande cha mti kwenye kizingiti, akaona kinafanana na mbao ya penseli yake kwa rangi na harufu. Akahitimisha kuwa ni mwerezi wa Lebanoni ulioletwa kutoka nje, kwa hiyo mahali hapo ni pa Malkia wa Sheba anayetajwa katika Biblia. Mti wenyewe ni wa hukohuko kusini mwa Afrika. Hadithi hii ilimfaa sana Cecil Rhodes, ambaye kampuni yake iliiteka nchi mwaka 1890: kama wenyeji hawakujenga chochote, kuwanyang'anya ardhi hakuonekani kuwa dhuluma.

Uharibifu mkubwa zaidi ulifanywa kwa sururu. Kuanzia 1902 Richard Hall, mwangalizi wa magofu aliyekuwa mwandishi wa habari, alifukua na kutupa udongo wenye vigae (vipande vya vyungu) vya Kiafrika, akiuona kuwa ni takataka zilizofunika kazi ya wageni wa kale. Udongo huo ndio uliokuwa ushahidi. Mwanaakiolojia hausomi ukuta peke yake. Husoma tabaka linalougusa. Kitu kilicho chini ya msingi ambao haujafukuliwa hakiwezi kuwa kimewekwa baada ya ukuta. Sakafu ya udongo iliyoungana na ukuta huonyesha nyumba na ukuta vilitumika pamoja. Ukishazoa tabaka, unabaki na mawe yasiyo na tarehe, na hapo kila mtu atayasemea apendavyo.

Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba sehemu zilizosalia, akasema mji ni wa Waafrika na ni wa zama za kati. Gertrude Caton-Thompson alirudia kazi hiyo mwaka 1929 kwa uangalifu zaidi, akafikia jibu hilohilo. Suala lilikuwa limekwisha kitaalamu. Kisiasa halikwisha: chini ya serikali ya walowezi ya Ian Smith, nchi ilipoitwa Rhodesia, vitabu vya shule, vijitabu vya watalii, redio na maonyesho ya makumbusho vilidhibitiwa visiseme wazi kwamba wajenzi ni Waafrika. Peter Garlake, mkaguzi wa majengo ya kale aliyekataa kunyamaza, aliondoka nchini mwaka 1970. Hapo ndipo darasa linapoidhuru historia kimyakimya. Halihitaji kutunga uongo. Inatosha kuacha swali la wajenzi wazi, mtoto wa Kishona akadhani wataalamu bado wanabishana.

Hoja inayowababaisha wengi hadi leo ni vitu vya nje. Ni kweli vimepatikana vyombo vya China na Uajemi, shanga za kioo, hata sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Hiyo ni biashara: dhahabu ilishuka pwani, bidhaa zikapanda bara. Simu ya China mfukoni haimfanyi mwenye nyumba kuwa Mchina. Cha kupima ujenzi ni vitu vya kila siku, yaani vyungu vya kupikia, sakafu na takataka za jikoni, na Zimbabwe Kuu hivyo ni vya kienyeji.

Mwalimu anayekutana na video ya "wajenzi waliopotea" aulize mambo haya kabla ya kuionyesha: kitu kilitoka tabaka gani, na nani alirekodi? Vigae vya mahali hapo vinasemaje? Tarehe imetokana na sampuli ngapi? (Sampuli moja ya gogo ni ya kutilia shaka, kwani kiini cha mti mkubwa huwa na umri mkubwa kuliko siku ulipokatwa.)

Kwetu pwani maswali hayo yaliulizwa katika mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, mahali ambapo vitabu vya zamani vingesema tu "Waarabu walijenga". Wachimbaji walishuka chini ya msikiti wa mawe, wakakuta misikiti midogo ya miti na udongo iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, pamoja na vyungu vya kienyeji.