Land Rover 109 na Land Cruiser BJ40: acheni kupima mlima kwa farasi

Naulizwa tena, kwa maneno yaleyale: 109 Series III ya dizeli ina nguvu ya farasi 62, BJ40 ina 80, kwa hiyo kupanda kwenda Kasulu na mzigo, Toyota lazima ishinde. Siyo lazima! Farasi 62 wanapatikana kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, wale 80 kwenye 3,600. Nani anapanda mlima na magunia ya mahindi huku injini inalia hivyo?

Mlimani tazama nguvu ya kuzungusha. Land Rover ya lita 2.25 inatoa Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu hiyo) 140 kwenye mizunguko 1,800. Injini B ya Toyota, lita 3.0, inatoa Nm 191 kwenye 2,200. Toyota iko mbele, lakini hapo tumepima flaiwili, yaani gurudumu zito la nyuma ya injini, hatujafika kwenye tairi. Katikati kuna gia boksi, transfa (boksi la pili, lenye gia za juu na za chini) na difu, na kila kimoja kinazidisha nguvu hiyo, na hapo ndipo watu wanaporuka hesabu.

Land Rover, gia ya kwanza, lever nyekundu ya transfa ikiwa kwenye gia za chini: gia 3.68 mara transfa 2.35 mara difu 4.7, karibu 40.6. Zidisha kwa 140, unapata Nm 5,700 kabla ya msuguano. Land Cruiser yenye gia boksi H42: 3.55 mara 1.96 mara 4.11, yaani 28.6, mara 191 ni kama Nm 5,460. Farasi 62 wamepita! Ila ukikuta gia boksi ya H41, gia ya kwanza ni 4.925, na Toyota inafika Nm 7,500 na zaidi. Gari ni lilelile kwa macho, jibu limegeuka. Kwa hiyo anayetaja farasi bila kutaja gia boksi hajalinganisha chochote.

Na usiamini difu kwa maneno ya muuzaji. Weka vizuizi imara kwenye tairi za mbele, gia huru, hendbreki umeachia (kwenye Land Rover inashika propela shafti, siyo tairi). Piga jeki tairi moja ya nyuma, chora alama kwenye propela shafti, zungusha tairi mara 2 kamili. Kwenye Land Rover, shafti ikizunguka karibu mara 4.7, difu ni ya asili. Ikiwa 4.1 au chini, kuna mtu ameibadilisha.

Kwenye lami sina ubishi. Kwa tairi za 7.50-16, kilomita 80 kwa saa, injini ya Land Rover inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, ya Toyota kama 2,200. Toyota inakwenda kwa utulivu zaidi.

Katalogi nazo nazitilia shaka. Wajapani wa wakati ule walipima injini ikiwa imevuliwa vifaa vyake vingi, kwa hiyo 80 ni nyingi kuliko zinazofika barabarani. Tabora, mita 1,200 juu ya bahari, injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa) inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu. Ongeza silinda zilizochongwa mara mbili na pampu ya dizeli iliyosetiwa kwa sikio. Hapo namba za kiwandani zinabaki za kukadiria tu.

Kutu: bodi ya Land Rover ni aluminiamu, chesisi ni chuma. Kwa hiyo kutu itafute kwenye chesisi: igonge kwa nyundo.

Ukinunua 109, chungulia difu ya nyuma. Salisbury, ile yenye tumbo kubwa, inahimili mzigo. Ile ndogo ya zamani inakata haf shafti (chuma kinachotoka difu kwenda tairi), hasa dereva akiachia klachi ghafla kwenye mchanga wa Sikonge akiwa kwenye gia za chini.