Kukosa kazi mara moja hakufungi jina lako

Msimu wa korosho ukikaribia, maghala ya Mtwara na Lindi yakianza kutafuta makarani na wapima mizani, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: "Ukishakataliwa na mwajiri, jina lako linaingia orodha nyeusi. Usiombe tena, utajiharibia na kwingine."

Si kweli. Hakuna sheria nchini inayomzuia mtu kuomba tena kwa sababu tu alikosa, wala hakuna daftari moja ambalo waajiri wote hulichungulia. Mara nyingi ni hesabu tu: nafasi mbili, barua mia. Wapo waajiri wanaotaka usubiri miezi kadhaa, lakini hilo ni sharti lao wenyewe. Soma tangazo, au piga simu ofisi yao ya utumishi uulize. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuomba kujua taarifa zako walizonazo.

Naelewa hofu inakotoka. Fomu nyingi huuliza, "Umewahi kuomba kazi hapa?", na mtu aliyekosa mwaka jana Masasi au Kilwa akifika hapo kalamu inasita. Andika "ndiyo". Kughushi vyeti ndiko kunakomharibia mtu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna kijana Newala atairudisha bahasha yake ya maombi kabatini akiusoma. Nawe unayeomba tena, usipeleke barua ya zamani iliyofutwa tarehe kwa wino mweupe. Andika mpya, utaje ulichojifunza tangu hapo.