Kusaga Meno Usingizini: Maswali na Majibu

Kusaga meno ni hali gani?

Ni hali ya mtu kubana meno ya juu na ya chini, au kuyasugua kwa nguvu, pasipo kutafuna chochote na mara nyingi pasipo kujijua. Wapo wanaosaga wakiwa usingizini, na wapo wanaobana meno mchana wakiwa macho, hasa wanapokazia akili jambo fulani, kama vile kuendesha gari au kufanya hesabu.

Mtoto wangu husaga meno usiku. Je, ana minyoo?

Wazazi wengi huamini hivyo, na wengine hurudia dawa za minyoo kila wanaposikia sauti hiyo. Hakuna ushahidi thabiti kwamba minyoo ndiyo chanzo. Dawa hizo zina umuhimu wake na mtoto apewe kwa ratiba ya kliniki, lakini asipewe kwa sababu ya kusaga meno. Watoto husaga zaidi kuliko watu wazima, na wengi wao huacha wenyewe kadiri wanavyokua na kuota meno ya kudumu. Linalostahili kufuatiliwa kwa makini ni iwapo mtoto hukoroma, hulala kinywa wazi au pumzi humkatika usingizini, kwa kuwa huenda njia yake ya hewa imebanwa na nyama za puani au mafindofindo, na huyo anahitaji kuonwa na daktari mapema.

Kwa mtu mzima husababishwa na nini?

Mara chache chanzo huwa kimoja. Msongo wa mawazo na wasiwasi huchangia sana, na vilevile sigara, pombe, kahawa nyingi nyakati za jioni, na miraa, ambayo huchangamsha mwili na kukosesha usingizi. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini, zinaweza kuleta hali hii. Anayezitumia asiziache ghafla, bali amweleze daktari aliyemwandikia.

Nitajuaje, ikiwa ninalala peke yangu?

Dalili huonekana asubuhi: taya zimechoka, kichwa kinauma pembeni, karibu na masikio, na maji baridi yanatia meno ganzi. Jitazame kwenye kioo. Chonge, ambalo kwa kawaida lina ncha, huwa limesawazika, na pengine ulimi una alama za meno kwenye kingo zake. Ukiweka vidole mashavuni kisha ukabana meno, utahisi msuli ukivimba. Kwa anayesaga kwa muda mrefu, msuli huo huweza kuwa mnene na wenye maumivu.

Je, jino lililosagika hurudi kama lilivyokuwa?

Halirudi. Enameli, tabaka la juu la jino, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote mwilini, lakini ikishalika mwili hauwezi kuitengeneza upya. Kwa sababu hiyo haifai kusubiri mpaka jino lipasuke au lililozibwa lizibuke.

Tiba yake ni ipi?

Kwanza ni kuyakinga meno. Daktari wa kinywa na meno huchukua vipimo na kutengeneza kifaa cha plastiki kinachovaliwa usiku, ambacho huyatenganisha meno na kupokea msuguano badala yake. Ni vyema mgonjwa aelewe kwamba kifaa hicho hakikomeshi kusaga, ila kinazuia madhara, hivyo chanzo nacho kinapaswa kushughulikiwa. Kisafishwe kwa mswaki na maji baridi, kwani maji ya moto hukipinda. Watoto kwa kawaida hawapewi, kwa kuwa taya zao bado zinakua.

Anayebana mchana ana kazi ya kujizoeza: midomo ifumbwe, meno yaachane, ulimi utulie juu nyuma ya meno ya mbele. Jikague hivyo kila unaposhika simu. Taya zikiuma, kitambaa chenye uvuguvugu mashavuni na vyakula laini kwa siku chache husaidia; lakini zikikwama, au kinywa kikishindwa kufunguka vizuri, usikawie kwenda hospitali.